MASHINE INAPOANDIKA KOSA LAKE: TUSOME KABLA YA KULAUMIANA

(Haya ni mazungumzo na wenyeviti, makatibu na waweka hazina wa vikundi vya kujisaidia. Tumeyachapa kama yalivyosemwa, ili wale ambao hawakufika nao wayasome kikundini.)



Najua wengine mmekuja mkidhani leo tutaongea juu ya mbuzi wa maziwa, au namna ya kuandika daftari la mikopo. Hayo tumeyaongea na tutayaongea tena. Leo nataka tuongee juu ya maikrowevu. Naona mama mmoja pale nyuma anacheka. Cheka tu mama, lakini ngoja kwanza nimalize.

Zamani mashine hii ilikuwa kitu cha watu wa mjini. Lakini stima imesambaa, hasa tangu mradi wa Last Mile ulipoanza mwaka 2015, na sasa nikizunguka kutembelea vikundi naikuta mahali ambapo sikutarajia. Naikuta kwenye hoteli ndogo ya akina mama sokoni, inapasha githeri na chapati. Naikuta kwa vijana wanaouza chai stendi. Nyingi ni za mitumba. Nyingine zimetumwa na mtoto aliye ng'ambo. Na mashine ikishakuwa ya kikundi, siku inapoharibika si chakula peke yake kinachoharibika. Inaharibu watu. Hilo ndilo limenileta hapa.

KISA CHA KIKUNDI KIMOJA

Kuna kikundi cha akina mama ishirini na wawili. Sitasema ni cha wapi, wenyewe wameniruhusu nisimulie bila jina. Walichanga, wakanunua maikrowevu ya mkono wa pili kwa shilingi 7,500. Hoteli yao ikapata wateja, kwa sababu mtu akifika saa nane mchana bado anakula chakula cha moto bila kungojea jiko liwashwe.

Jumapili moja jioni, mweka hazina alibaki nyuma kusafisha. Ni mama msafi, hapendi mafuta. Akachukua kitambaa kilicholowa maji, akasugua mashine yote, ndani na nje, hata pale penye vitufe. Jumatatu asubuhi mashine ikawashwa, haikupasha. Kwenye kile kidirisha cha saa ikaandika herufi na namba, halafu ikawa inalia pi, pi, pi. Wakabonyeza kila kitufe. Haikusikia.

Akaitwa fundi. Hakuuliza kitu, hakufungua hata skrubu moja. Aliitazama akasema, "Hii moyo wake umeungua. Leteni 4,800." Sasa mnajua wenyewe. Nani aliigusa mara ya mwisho? Mweka hazina. Basi alipe! Mwingine akasema, labda hata zile pesa za juma lililopita tuziangalie vizuri. Ona jinsi mambo yanavyokwenda. Tumetoka kwenye kitambaa, tumefika kwenye wizi. Yule mama akaweka funguo mezani, akaenda nyumbani, na mkutano uliofuata hakuja.

Waliponiita nilikwenda, lakini mimi si fundi wa stima. Mimi nimesomea kazi ya kuishi na watu. Nilichofanya ni kuuliza: "Hiyo mashine iliandika nini?" Wote kimya. Watu ishirini na mmoja, na hakuna aliyejua. Ndipo binti wa darasa la saba, mtoto wa mwenyekiti, akaleta daftari lake la hesabu. Alikuwa amezinakili zile herufi nyuma ya daftari, kwa sababu alidhani ni neno la Kiingereza ambalo hakulijua, akataka kumwuliza mwalimu.

Tukampelekea daftari mwalimu mmoja wa ufundi wa stima. Alitazama, akatabasamu. "Hii si moyo kuungua," akasema. "Mashine inasema kitufe kimoja kimebonyezwa na hakijaachiliwa. Je, kuna maji yameingia?" Akatuambia tuchomoe plagi, tuiache mahali pakavu, mlango wake ukiwa wazi, tusiiguse mpaka kesho kutwa. Tukafanya hivyo. Siku ya tatu ikawashwa, ikapasha kama kawaida. Gharama yake ilikuwa nauli yetu ya matatu.

Mashine ilikuwa imesema kosa lake yenyewe, tangu asubuhi ile ya kwanza. Hakuna aliyesoma. Watu wakasomana wao kwa wao.

MASHINE HII NI NINI HASA?

Nitasema kwa ufupi, maana mtu akijua kitu kinavyofanya kazi hadanganywi ovyo.

Mwaka 1945 kule Marekani, fundi mmoja kwa jina Percy Spencer, wa kampuni ya Raytheon, alikuwa akifanya kazi na mitambo ya rada. Akaona peremende ya chokoleti mfukoni mwake imeyeyuka. Akajaribu na bisi, zikapasuka. Kufika mwaka 1947 kampuni ikaanza kuuza jiko la namna hiyo, lakini lilikuwa refu kama mtu mzima. Lile dogo la kuweka juu ya meza ya nyumbani lilikuja mwaka 1967, likiuzwa kwa jina la Amana.

Ndani kuna kifaa kinachoitwa magnetroni. Hicho ndicho fundi anakiita moyo. Kinatoa mawimbi ambayo ni ndugu ya mawimbi ya redio. Mawimbi hayo yanatikisa maji yaliyomo kwenye chakula, chakula kinapata moto. Ukizima mashine, mawimbi yanaisha papo hapo, kama taa unavyoizima. Hayabaki kwenye chakula. Na zile nyavu kwenye kioo cha mlango zina matundu madogo mno, mawimbi hayawezi kupita. Lakini mlango ukiwa umepinda, kioo kimepasuka, au haufungi sawasawa, usiitumie hata siku moja. Hapo hakuna mjadala.

Ili magnetroni ifanye kazi inahitaji stima yenye nguvu nyingi sana. Stima yetu ya nyumbani ni volti 240. Ndani ya mashine hii kuna transfoma, na kitu kingine kinaitwa kapasita. Vikishirikiana vinapandisha stima mpaka kiasi cha volti 4,000. Shikeni hiyo namba, tutairudia.

Halafu kuna ubongo, yaani ile kadi ndogo inayoendesha saa na vitufe. Ubongo huu unachunguza: je, mlango umefungwa? Je, kuna kitufe kimekwama? Je, joto limezidi? Ukiona jambo si sawa, unasimamisha kazi na kuandika alama. Alama hiyo ni kama mgonjwa anayemwambia daktari, "naumwa hapa." Hasemi ugonjwa wote, lakini anaonyesha upande.

MAANDISHI AMBAYO SI UGONJWA

Kabla ya kuogopa, jueni kwamba maandishi mengine si kosa kabisa.

Saa ikiwaka na kuzima, au ikionyesha sufuri tupu, maana yake stima ilipotea ikarudi. Mashine nyingine huandika PF kwa sababu hiyo hiyo. Panga saa upya, au bonyeza kitufe cha kufuta, endelea na kazi yako.

Ikionyesha picha ya kufuli, au herufi L, au LOC, basi kufuli la watoto limefungwa. Mara nyingi unabonyeza kitufe kimoja na kukishikilia kwa sekunde tatu au zaidi. Kitabu cha mashine kitakuambia ni kipi. Nimeona kikundi kimeibeba mashine kwa bodaboda mpaka mjini, kumbe mtoto alichezea kitufe tu.

Ikihesabu dakika, taa inawaka, sahani inazunguka lakini chakula ni baridi, huenda iko kwenye hali ya maonyesho, ile ya dukani. Angalia kama imeandika neno la kuonyesha hivyo, au herufi d. Hali hiyo nayo inaondolewa kwa vitufe.

Na ikiandika neno la mlango, fungua, futa makombo na mafuta pale mlango unapokutana na mwili wa mashine, kisha ufunge kwa uthabiti bila kuupiga.

ALAMA ZENYEWE ZA MAKOSA

Sasa tuje kwenye makosa ya kweli. Kila kampuni ina lugha yake, kama vile sisi hapa mmoja ni Mkamba na mwingine ni Mluhya. Alama ya kampuni hii yaweza kumaanisha kitu kingine kabisa kwa kampuni nyingine. Kwa hiyo lazima ujue jina la mashine na namba yake, ambayo imebandikwa nyuma au ndani ya mlango. Lakini makosa mengi yanaingia katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni la vitufe. Kwa mashine za Samsung utaona SE. Angalia vizuri, kwa sababu kwenye vidirisha hivi herufi S na namba 5 zinaandikwa sawasawa, kwa hiyo wewe utasoma 5E. Kwa mashine nyingi za LG utaona F3. Zote zinasema: kitufe kimeshikana, ama kwa uchafu, ama kwa maji, ama kwa sababu ile ngozi ya vitufe imechakaa. Dawa ya kwanza ni kuchomoa na kukausha. Alama ikirudi baada ya kukauka, basi ngozi ya vitufe inabadilishwa. Hiyo si magnetroni, na msikubali kulipia magnetroni.

Kundi la pili ni la vihisi joto. Kwa LG, F1 na F2 zinasema kile kidude kidogo cha kupima joto kimekatika au kimegusana. Wewe mwenyewe huwezi kukitengeneza. Lakini unaweza kuiacha ipoe nusu saa na kuangalia kama matundu ya hewa yamezibwa. Akina mama, tunapenda kufunika vitu na vitambaa vya kufuma. Kitambaa kizuri juu ya kochi, si juu ya maikrowevu. Mashine inapumua kupitia matundu yale. Ipe nafasi nyuma, kando na juu, kiasi ambacho kitabu chake kinasema.

Kundi la tatu ni la nguvu yenyewe. Kwa Panasonic, H97 na H98 zinasema kwamba sehemu ya kutoa mawimbi haipati au haitoi nguvu inayotakiwa. Hili ni jambo kubwa zaidi. Lakini hata hapa, kabla ya kumwita fundi, angalia soketi. Mashine inayoandikwa wati 700 za kupikia inavuta zaidi ya wati 1,000 kutoka ukutani. Ukiichomeka kwenye ekstensheni nyembamba pamoja na birika la stima na friji, haipati nguvu ya kutosha. Ipe soketi yake peke yake ukutani, ujaribu tena. Alama ikirudi, hapo ni kazi ya fundi aliyesomea.

Kuna wanaoniuliza kama stima ya sola inaweza kuiendesha. Zile sola ndogo za taa na redio, hapana, na usijaribu.

HATUA ZA KUFUATA KABLA YA KUTOA HATA SHILINGI

Katibu, hizi naomba uziandike zibandikwe ukutani karibu na mashine.

1. Usibonyeze ovyo. Andika alama kama ilivyo, hata kama huielewi. Chora ukipenda. Andika na saa, na chakula kilichokuwa ndani, na kama stima ilikuwa imepotea.

2. Zima ukutani, chomoa plagi, ngojea dakika tano mpaka kumi. Ubongo unasahau kosa dogo, kama mtu aliyelala akaamka. Chomeka tena. Alama isiporudi, endelea, lakini andika kwamba ilitokea.

3. Kama kuna maji au mvuke umeingia, iache bila stima siku moja au mbili mahali pakavu, mlango wazi. Usiianike kwenye jua kali, plastiki itapinda.

4. Angalia plagi. Kama imeungua au ina rangi ya kahawia, usiitumie. Plagi yetu ya miguu mitatu ina fyuzi ndani yake. Ikikatika, weka fyuzi nyingine ya namba ile ile. Usifunge karatasi ya sigara. Usiweke kipande cha waya.

5. Jaribu soketi kwa kitu kingine, kama pasi. Pasi ikikataa, shida iko kwa soketi, si kwa mashine.

6. Fanya jaribio la maji. Weka kikombe cha maji ndani, washa dakika mbili. Maji yakipata moto, moyo uko hai. Kamwe usiwashe mashine ikiwa tupu, maana mawimbi yakikosa chakula yanarudi kuiumiza mashine yenyewe.

Wale wa kikundi cha maziwa, nyinyi mna kipimajoto, kwa hiyo mnaweza kupima kabisa. Weka lita moja ya maji kwenye bakuli ya kioo, pima joto lake, washa kwa nguvu yote dakika mbili kamili, koroga, pima tena. Joto lililoongezeka lizidishe kwa 35. Maji yakitoka digrii 20 kufika 40, yameongezeka 20. Mara 35 ni wati 700. Kama mashine imeandikwa 700, ni nzima. Ukipata 300, imechoka, na sasa unamwambia fundi kitu unachokijua.

7. Ukiona cheche ndani, simamisha mara moja. Tafuta kijiko, sufuria, kikombe chenye mstari wa dhahabu. Kama hakuna, angalia kile kibao chembamba kama karatasi ngumu kilicho ubavuni, ndani. Kikishika mafuta kinaungua. Kibao hicho ni cha bei ndogo na hubadilishwa. Msitupe mashine kwa sababu yake.

MPAKA WETU UNAISHIA KWENYE SKRUBU

Hapa naomba simu ziwekwe chini.

Kila kitu nilichosema kinafanywa kutoka nje. Hakuna hata hatua moja inayohitaji bisibisi. Mnakumbuka ile namba, volti 4,000? Ile kapasita inahifadhi stima hata baada ya kuchomoa plagi. Redio ukiichomoa, imekufa. Maikrowevu ukiichomoa, bado inaweza kuua mtu.

Nilimwona kijana mmoja, hodari kabisa wa kutengeneza redio na simu. Alichomoa maikrowevu ya jirani, akaifungua, akaingiza mkono. Alirushwa mpaka kwenye kabati. Tulimkuta hawezi kusema, kidole kimoja kimeungua mpaka ndani. Alipona, tunashukuru. Lakini mama yake alikuwa tayari ameanza kulia kile kilio mnachokijua. Kijana alisema jambo moja tu hospitalini: "Lakini nilikuwa nimechomoa."

Fundi anayejua kazi hii anaondoa kwanza stima iliyobaki kwenye kapasita, kwa chombo chenye mpini usiopitisha stima, ndipo aguse kitu. Mwulize fundi wako: "Kapasita utaimaliza nguvu namna gani?" Akicheka, au akisema haina haja, mshukuru, ubebe mashine yako nyumbani.

Jambo la pili. Kuna swichi ndogo mbili au tatu kwenye mlango. Moja imewekwa makusudi ili, zile nyingine zikiharibika mlango ukiwa wazi, iunguze fyuzi ya ndani na kuzima kila kitu. Kwa hiyo fyuzi ya ndani ikiungua, pengine imeokoa mtu. Fundi anayeweka waya badala ya fyuzi, au anayefunga swichi ya mlango ili mashine iwake tu, amekuondolea mlinzi wako.

Jambo la tatu ni kwa vijana wanaokusanya vyuma vikuukuu. Mnavunja mashine kutafuta shaba na sumaku. Jueni kwamba magnetroni nyingine zina kipande cha kauri chenye madini ya berili. Kikivunjwa na kusagika, vumbi lake ni sumu kwa mapafu. Msikigonge kwa nyundo, na watoto wasikichezee.

MASHINE KUTOKA NG'AMBO NA STIMA YETU

Mtoto akitaka kukutumia maikrowevu kutoka Marekani, mwambie akutumie pesa badala yake. Stima ya kule nyumbani ni volti 120, yetu ni 240. Ukiichomeka hapa moja kwa moja, siku hiyo hiyo inaungua. Wengine wanasema, tutanunua transfoma ya kushusha. Hata ukishusha volti, stima ya kule inatikisika mara 60 kwa sekunde, yetu mara 50. Mashine nyingi zilizotengenezwa kwa 60 zinapata joto kupita kiasi kwenye 50. Iliyotoka Uingereza haina shida hiyo, stima yao inakaribiana na yetu na plagi ni ile ile.

Na kwa sababu stima yetu inaruka, inapotea na kurudi kwa kishindo, nunueni ile gadi ya kuchomeka, kama ya friji. Stima ikirudi, gadi inangojea kidogo mpaka itulie ndipo iruhusu. Bei yake ni ndogo kuliko kadi ya ubongo. Kama hamna gadi, stima ikipotea chomoeni.

PESA NA HESHIMA

Sasa nirudi kwenye kazi yangu mwenyewe.

Kila mashine ya kikundi iwe na daftari lake. Ndani yake andikeni tarehe ya kununua, bei, jina na namba ya mashine, na kila mara inapotengenezwa: nani, kosa gani, kiasi gani. Kitabu chake cha maelezo kikipatikana, kifungwe pamoja na daftari. Kikipotea, muulizeni kijana mwenye simu akitafute kwa namba ya mashine.

Mkimwita fundi, mpeni alama iliyoandikwa kabla hajasema lolote, mkasikilize atasema nini. Mwambieni alete kifaa kilichotolewa. Aandike risiti. Mashine ijaribiwe kwa maji mbele ya watu wawili wa kikundi kabla ya kulipa. Na mkumbuke hesabu: kama matengenezo yanakaribia nusu ya bei ya nyingine nzuri, kaeni chini mjadili kama yafaa.

Halafu hili. Kikundi kiamue leo, mashine zikiwa nzima, nani analipa zikiharibika zikiwa kazini. Mimi nashauri mfuko mdogo wa matengenezo, hata shilingi ishirini kwa kila mtu kwa mwezi. Mtu anayesafisha, anayepika na anayefunga duka ndiye atakayekuwa karibu na mashine siku inapoharibika. Mkimlipisha yeye kila mara, mtafundisha kila mtu kukaa mbali na kazi.

Mtaniuliza, yule mweka hazina ilikuwaje? Mashine ilipopona, watu walifurahi sana, wakapasha chai, wakanywa. Hakuna aliyemtaja. Nikawauliza, na yeye nani atamrekebisha? Kesho yake mwenyekiti na akina mama wawili walikwenda kwake kwa miguu, na sukari kilo mbili. Walimwomba msamaha, akawapokea vizuri, akawapikia. Mkutano uliofuata alikuja. Lakini funguo alikataa, na mpaka leo hajazishika tena. Anakaa na wenzake, anachanga, anaimba. Pesa hataki kuzigusa.

Maikrowevu ilikauka kwa siku mbili. Neno lililosemwa juu ya mtu halikauki haraka hivyo. Kwa hiyo siku mashine yenu itakapoandika kitu msichokijua, tafuteni kalamu kwanza.

Sasa maswali.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Kikundi chetu kina mashine gani? Nani anajua jina na namba ya kila moja?

2. Kitu cha kikundi kilipoharibika mara ya mwisho, tuliuliza kwanza "ni nini?" au "ni nani?"

3. Je, tuna daftari la mashine na mfuko wa matengenezo? Kama hatuna, tuanze lini na kwa kiasi gani?

4. Fundi tunayemtumia, tumewahi kumwona akiondoa stima kwenye kapasita kabla ya kugusa?

5. Kuna mtu aliyelaumiwa kwa kosa la mashine na bado hatujaenda nyumbani kwake?